Kengele ya Kuomba Njia

Jumapili mlikuja kwangu kutazama mashindano ya magari kwa sababu televisheni yangu ni kubwa kuliko ya gereji yenu. Mkamaliza viazi vitamu vyangu vyote, kisha mkagombana mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati. Nusu yenu mlisema lile bawa la nyuma linalofunguka ili gari lipate kasi ya kumpita aliye mbele ni wizi mtupu. Nusu nyingine mkasema bila bawa hilo mashindano ni msururu wa arusi, magari yanafuatana tu mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Mmoja wenu, simtaji jina lakini anajijua, aliniambia, "Kukhu, sogeza kiti kidogo, hatuoni."

Nilisogeza. Sasa nanyi nisogezeeni masikio, maana jambo hilo mnalobishania nimelishika kwa mikono yangu. Miaka ya tisini, hapa hapa kwetu, mimi ndiye niliyefunga kengele za kuomba njia katika magari ya mashindano. Watu waligombana juu ya kengele zile kuliko nyinyi mlivyogombana juu ya bawa. Nusura mashemeji wawili waliopendana waachane kabisa.

Mnanijua kama kukhu, bibi mwenye magoti mabovu. Zamani nilikuwa fundi wa umeme wa magari katika gereji ya Nathan Lukalo mjini Kakamega, na jina langu lilikuwa Waya. Hata mhubiri wa kanisani aliniita Dada Waya bila kutabasamu. Mteja mgeni akifika na kuniona nimeinama ndani ya boneti, aliuliza fundi yuko wapi. Nilikuwa namjibu kwamba fundi amekwenda kunywa chai, namwacha asimame pale hadi nimalize kazi yake, kisha namwomba ajaribu kuwasha gari. Sikuwahi kuichoka michezo hiyo.

Lukalo ndiye aliyenifundisha gari. Injini aliijua kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake, lakini umeme ulimshinda, na yeye mwenyewe hakukubali kwamba umemshinda. Waya ukikatika, aliumenya kwa meno, akausokota kuelekea kushoto, yaani kinyume cha wafanyavyo watu wote, kisha akauzungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli na kuukaza kwa mafundo mawili. Nilimwambia mara nyingi kwamba mpira ule unashika unyevu, na kwamba waya uliosokotwa bila kulehemiwa utaachana kwa mtikiso. Alinijibu kwamba nchi hii imeendeshwa na tyubu za baiskeli tangu mkoloni aondoke. Baadaye nilizoea kuvifukua viungo vyake kimyakimya na kuvilehemu upya. Hata sasa ukinipa waya wowote uliowahi kupita mikononi mwa watu wa gereji ile, nitakwambia nani aliuunga. Mkono wa mtu unaonekana katika waya kama unavyoonekana katika mwandiko.

Mbali na gereji, Lukalo alikuwa dereva wa mashindano. Msifikirie barabara za lami na wanawake wenye miavuli. Mashindano yetu yalifanyika kule Chekalini baada ya mahindi kuvunwa, katika shamba mojawapo la yale yaliyokuwa ya wazungu. Wenyeji walikuwa wamegawana mashamba, lakini njia za zamani za matrekta zilibaki, nazo zikiunganishwa zilifanya mzunguko mzuri, wenye kona, kilima, na sehemu moja pana karibu na josho la ng'ombe. Magari yalikuwa makuukuu, yameondolewa viti na vioo, yamefungwa vyuma ndani. Kamati ya klabu ilikuwa ya walimu, wafanyabiashara na mfugaji mmoja mwenye kipaza sauti.

Na kulikuwa na vumbi. Hapo ndipo kisa chote kilipo, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Gari la mbele likipita, linaacha nyuma yake ukuta mwekundu. Dereva wa pili haoni barabara, haoni kona, haoni hata gari lenyewe analolifuata. Ukitaka kupita unaingia katika ukuta ule ukiwa kipofu. Kwa hiyo wengi hawakupita. Aliyetangulia kuanza ndiye aliyetangulia kumaliza, na watazamaji waliotoka mbali kwa malori walirudi nyumbani wakilalamika kwamba wametazama maandamano.

Lukalo alikuwa na ujuzi wa kupita katika vumbi, na ujuzi huo ulinipendeza mno. Alikuwa hatazami chini. Alitazama vilele vya miti ya ua, kwa sababu vumbi huwa zito chini na jepesi juu, na ukijua mti upi uko kwenye kona ipi unajua uliko. Alisikiliza injini ya mwenzake: ikipungua sauti, basi huyo ameachia kanyagio la mafuta, kona imefika. Tena alijua upepo. Mchana upepo wa pande zile za Lugari huvuma ukikata njia pale josho, unalisukuma vumbi upande mmoja kama mtu anayefungua pazia, na kwa muda mfupi barabara inaonekana. Lukalo alikuwa akisubiri pazia hilo hata mizunguko mitatu au minne bila papara. Likifunguka, tayari yuko kando ya mwenzake. Mazoezi aliyafanya katika njia ya msituni ya Isecheno ambako kivuli hakiruhusu vumbi kuamka. Alisema kwanza ujifunze kupita ukiona, ndipo ujifunze kupita usipoona.

Lakini kuna siku hakusubiri pazia.

Hilo lilitokea kabla sijaajiriwa, kwa hiyo nililisikia kwa watu. Yalikuwa mashindano ya barabara ndefu, karibu na Malava. Kushoto kwake aliketi Zablon, ndugu wa mkewe, kazi yake kumsomea njia. Walikuwa nyuma ya gari lililowazuia muda mrefu, Lukalo akachoka, akatoka kulia ndani ya vumbi. Mbele yake likatokea tela la miwa lililoharibika, limeegeshwa bila hata tawi la kuonya watu. Akarudi kushoto kwa nguvu, gari likaiacha barabara na kugonga kalvati kwa upande wa Zablon. Zablon alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Lukalo alitoka na mchubuko wa kipaji cha uso.

Nilipofika gerejini, nilimkuta Zablon akiwa mtunza vipuri pale. Aliketi mlangoni kwenye kiti cha gari kilichopigiliwa juu ya mbao, magongo yake ameyalaza kando, na alijua kila nati ilipo. Kiti kile kilikuwa kile kile alichokalia siku ya ajali. Lukalo alikuwa amekifungua kutoka kwenye gari lake la mashindano na hakutaka mtu mwingine akikalie. Tangu hapo alishindana peke yake, upande wa kushoto ukiwa wazi.

Sasa nyinyi vijana hamuujui ukwe. Kwetu, mume wa dada yako na ndugu wa mkeo ni watu wa kuheshimiana kupita kiasi. Hamwitani majina, hamtaniani ovyo, na jambo zito hamlisemi ana kwa ana. Analisema mtu wa kati. Kwa hiyo watu wale wawili, waliokula ugali sahani moja kila mchana, hawakuwa wameuzungumzia mguu ule hata siku moja. Na kwa kuwa mimi nilikaa katikati yao, mtu wa kati nikawa mimi.

"Waya," Lukalo aliniambia akiwa chini ya gari, "uliza shemeji kama plagi ziko."

Zablon alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. "Waya, mwambie shemeji ziko mbili."

"Mwambie alete."

"Mwambie nakuja."

Mimi sikufungua mdomo. Niliendelea na kazi yangu tu.

Wazo la kengele lilitoka kwa Zablon. Wakati ule magari kutoka Japani yalikuwa yameanza kuingia na ving'ora vya kuzuia wezi, vile vinavyowashwa kwa kitufe kidogo cha mkononi. Vingi viliharibika na kuachwa gerejini. Zablon alinyanyua kimoja, akabonyeza, kikalia ndani ya sanduku upande wa pili wa chumba. Akakaa akifikiri. Kisha akaniuliza, "Waya, hii kitu inaweza lia ndani ya gari ya mbele, kitufe ikiwa ndani ya gari ya nyuma?"

Nikasema inaweza. Kichwa changu kilianza kuzunguka papo hapo. Kila gari lingebeba kitufe chake na kengele yake. Waya wa kupokea ningeupitisha hadi kwenye bampa ya nyuma ili ushike mawimbi ya gari linalofuata, na kitufe kikibonyezwa, rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, ingezima kengele ya gari lenyewe ili dereva asijiombe njia mwenyewe. Zablon aliipeleka hoja kwa kamati, nayo ikatunga sheria. Ukisikia kengele, ufikapo sehemu pana ya josho unakwenda kushoto na kuachia mafuta hadi mwenzako apite. Kila dereva ana ruhusa ya kubonyeza mara moja tu katika mashindano. Ukishaitumia, imekwisha.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Tulipanga magari shambani, kamati ikasimama na mikono nyuma, nikabonyeza. Kengele haikulia katika gari la mbele. Badala yake magari matatu ya wanakamati, yaliyoegeshwa chini ya mikaratusi, yalipiga ving'ora kwa pamoja na moja likajifunga milango na funguo ndani. Mwenyekiti alivunja kioo chake mwenyewe kwa jiwe. Ilinibidi nitafute vipokezi vya aina moja visivyofanana na vya mtu yeyote, na kuanzia siku hiyo sijawahi kujaribu chombo mbele ya watu kabla ya kukijaribu peke yangu. Nanyi msifanye hivyo.

Lakini hilo lilikuwa dogo kuliko lililofuata, siku kengele zilipotumika kwa mara ya kwanza katika mashindano ya kweli.

Mnajua watu wa Isukha na Idakho na vita vya mafahali. Wengi wa mashabiki wetu walikuwa watu hao hao, wamekuja na ngoma zao za isukuti na matawi mikononi, kwa kuwa wiki hiyo hapakuwa na fahali. Wao walitazama magari kwa macho ya mafahali. Na kwa mafahali jambo ni moja: anayegeuza mgongo ameshindwa, vita vimekwisha hapo hapo, na watu wa mshindi wanaingia uwanjani kumwimbia na kumsindikiza.

Sasa gari la kwanza likasikia kengele, likasogea kushoto kwa adabu kama sheria ilivyotaka, la pili likapita. Mara nikaona watu wanaruka ua. Ngoma zinalia, matawi juu, akina mama wanapiga vigelegele, umati mzima umeingia njiani kulizunguka gari lililopita, na huku nyuma magari mengine yanakuja ndani ya vumbi! Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kwa bahati madereva walifunga breki. Aliyepita alikuwa Kizito, kijana wa Malava ambaye baba yake alikuwa na matrekta ya miwa. Walimtoa dirishani na kumbeba begani kabla ya mashindano kufika nusu. Yule aliyepisha alizomewa mpaka akalia. Alikuwa mwalimu wa hesabu.

Mzee Ambani, yule mfugaji mwenye kipaza sauti, mwenyewe mwenye fahali wawili, ndiye aliyewatuliza. "Tokeni balabalani! Huyu hajakimbia! Amepisha! Kupisha si kukimbia!"

"Tofauti ni gani?" mtu akauliza kwa sauti.

Mzee Ambani alikohoa ndani ya kipaza sauti. "Mimi nitawaambia jioni," akasema. Hakuwaambia.

Swali lile ndilo lililomuuma Lukalo. Siku ile hakupata matokeo yoyote, akarudi Kakamega akiwa na hasira, na asubuhi iliyofuata aliongea na mimi huku akimtazama Zablon.

"Waya, mwambie shemeji mimi sitapisha mtu kwa sababu ya kengele. Kupita ni kazi. Mtu anasubiri upepo, anasikiliza, anaogopa, anajikaza, ndio anapita. Sasa unabonyeza tu kama mtu anabisha mlango? Hiyo si kupita, hiyo ni kuomba. Mwambie hiyo waya nitaikata."

"Waya," Zablon akasema polepole, "mwambie shemeji nimesikia."

Nitawaambia ukweli: nilimwelewa Lukalo. Nilimwona akisubiri pazia la josho mara nyingi, na hakuna bawa wala kengele itakayonipa tena furaha ile ya kuona gari bovu likitokea ndani ya wingu jekundu likiwa mbele. Kijana akijua kwamba atapewa njia, hatajifunza upepo. Hilo ni kweli na nilimwambia Zablon hivyo. Lakini nilipolala nilikuwa nikiliona lile tela la miwa, ambalo hata sikuliona kwa macho yangu, na asubuhi nikawa upande wa Zablon. Nilikaa nikiyumba hivyo msimu mzima.

Ikabaki siku moja kabla ya mashindano ya mwisho wa msimu. Lukalo alikuwa ametangaza kwamba baada ya hayo anaacha kushindana, macho yake yameanza kuchoka. Kitu alichotaka ni ushindi mmoja wa kuagia, naye alitaka kuupata bila kengele. Tulikuwa tukikagua gari. Nilimkumbusha kwamba kengele zitapimwa asubuhi, na asiye nayo hataruhusiwa.

"Watapima asubuhi," alisema. "Asubuhi si mashindano. Mwambie shemeji mimi najua kazi yangu."

Zablon alishika magongo yake akasimama. Nikangoja aniambie nimwambie shemeji jambo. Hakunitazama.

"Nathan," alisema.

Spana ilinidondoka mkononi. Hakuwahi kumwita jina. Mume wa dada yake!

"Nathan, wewe unaogopa kitu moja. Unaogopa kama hii kengele ni mzuri, basi mguu yangu ilienda bure. Ndio maana unasema kupita lazima ikuwe hatari. Ukikubali ingekuwa rahisi, utauliza mimi nilikatiwa nini."

Nilitamani kutoka, lakini Zablon alikuwa mlangoni.

"Mimi nitakuambia. Ilienda bure. Mguu ya mtu haiendangi kwa sababu ya maana. Lakini ni mguu yangu, si yako uwekee mlinzi. Miaka yote hii unailinda, na mimi nakaa hapa nakuangalia." Alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Hii kengele ikirudisha kijana mmoja nyumbani na miguu mbili, mimi nitafurahi. Usininyime hiyo."

Lukalo alikuwa ameshika boneti kwa mikono yote miwili, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. Mimi pia nililia, sina haja ya kuwaficha.

"Shemeji," alisema mwishowe, moja kwa moja, bila kunipitisha mimi, "mimi nilitoka kulia mbio sana."

"Najua. Nilikuwa hapo."

Zablon akainama, akapiga kofi mgongo wa kile kiti chake. "Rudisheni hii kwa gari. Kesho nakaa kushoto."

Tulikirudisha. Kisha Lukalo akatuambia sote twende nyumbani mapema, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kabla ya mashindano, akabaki gerejini peke yake.

Asubuhi kule Chekalini kengele zilipimwa, na ya Lukalo ililia vizuri. Nikadhani basi tishio lake la kukata waya lilikuwa maneno tu. Zablon alikuwa ameketi kushoto, mikanda imefungwa, kitufe mkononi, anang'aa kama bwana arusi.

Kizito aliongoza tangu mwanzo. Gari lake lilikuwa na nguvu ambazo letu halikuziota. Lukalo alikaa nyuma yake ndani ya vumbi, mzunguko baada ya mzunguko, wala hakuomba njia. Watu wa ngoma walianza kunung'unika. Kisha, karibu na mwisho, nikauona upepo ukiinamisha nyasi za josho, nikasema kwa sauti, "Sasa!" Vumbi likasogea kando. Gari bovu lenye boneti ya rangi tofauti likatokea kulia kwa Kizito, wakaenda sambamba, na kwenye kona Lukalo akawa mbele. Nimeona mambo mengi, lakini sijawahi kuona watu wazima wakirukaruka vile. Mzee Ambani alisahau kuzima kipaza sauti akawa anaimba ndani yake.

Ulibaki mzunguko mmoja. Na Kizito alikuwa bado hajatumia kengele yake.

Yaliyotokea ndani ya gari nilielezwa na Zablon. Walikuwa wakishuka kilima, josho liko mbele, na baada ya josho hakuna tena mahali papana hadi mwisho. Kengele ikalia chini ya dashibodi. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Hakuna mwamuzi ambaye angethibitisha kwamba umeisikia. Injini inapiga kelele, mawe yanagonga chini, na ushindi wa kuagia uko pale kwenye bendera.

Lukalo hakugeuza kichwa. "Umesikia?" aliuliza.

"Mguu ni moja," Zablon akasema, "lakini masikio niko nayo mbili."

Lukalo akawasha taa ya kushoto kama mtu anayeingia petroli steshini, akasogea kando na kuachia mafuta. Kizito akapita. Ngoma zilinyamaza zote. Safari hii hakuna aliyeruka ua, maana walikuwa wameshafunzwa, lakini pia hakuna aliyejua afanye nini na tawi alilolishika. Kizito akashinda. Wengine wakamkimbilia kumwimbia, wengine wakabaki palepale wakibishana, na nasikia kule Khayega, kwa watu wa mafahali, wapo wazee wanaobishana hadi leo kama fahali anayepisha ameshindwa.

Kizito alimwacha hata mpiga picha, akaja mbio kwa Lukalo na kumpa mikono yote miwili.

"Mzee, shikamoo. Asante."

"Vumbi yangu ilikuwa mbaya?" Lukalo akamuuliza.

"Mzee, sikuwa naona kitu. Nilibonyeza tu, nikasema hata asiponipisha natoka kulia hivyo hivyo."

Lukalo aliketi kwenye bampa. Zablon, akiwa bado ndani ya gari, alinyoosha mkono kupitia pale ambapo kioo hakikuwepo, akalishika bega lake. Safari hii hawakuhitaji mtu wa kati.

Kwa hiyo mnaniuliza, au tuseme mlisahau kuniuliza, kama vyombo hivi vinaushusha mchezo. Kwa anayepita, ndiyo, vinaushusha kidogo. Kizito mwenyewe alikiri kwamba kupita kwa Lukalo kulikuwa bora kuliko kwake, na tangu siku ile alikuwa akija gerejini kufundishwa upepo. Ila nyinyi Jumapili mlimtazama anayepita tu. Hakuna hata mmoja wenu aliyemtazama anayepitwa. Kupisha ukiwa mbele, ukiwa na sababu zote za kujifanya hujasikia, hakukuwa rahisi, na mimi sijaona kitu kikubwa kuliko hicho katika mchezo ule.

Lililobaki ni dogo. Wiki iliyofuata nilifungua dashibodi ya gari la Lukalo ili nisafishe kengele, maana klabu ilitaka kuzitumia tena. Nilipoufuata waya wangu kwa vidole, nikakuta kitu katikati. Waya ulikuwa umekatwa kwa kisu, kukata kwa hasira. Kisha ukaungwa tena. Ulikuwa umemenywa kwa meno, umesokotwa kuelekea kushoto, umezungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na kukazwa kwa mafundo mawili.

Ndipo nikajua kwa nini usiku ule alitaka kubaki gerejini peke yake. Kilehemu changu kilikuwa kimeshapata moto. Nikakizima, nikairudisha dashibodi mahali pake, nikauacha waya ule jinsi alivyouunga.